Kuonekana Kazini

Ofisi yetu ya Njombe ilikuwa na makoti kumi na moja na watu sita. Niliyahesabu asubuhi moja ya mwezi wa saba, wote tukiwa tumefika, na tangu siku hiyo sikuweza tena kuwaheshimu wenzangu. Kila mmoja wao alikuwa na koti la kuvaa na koti la kuachia kwenye kiti. Mimi peke yangu nilikuwa na moja, nalo lilikuwa mwilini.

Nieleze kwa asiyejua baridi yetu. Kwingine nchini, mtu anayetaka kutoroka kazini huacha koti lake kwenye kiti akaenda zake, na kila mtu anajua kwamba ujanja huo ni wa kizamani. Njombe mambo ni tofauti. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, mtu asiye na koti hafiki hata getini. Mkuu wetu wa ofisi, aliyeletwa kutoka mikoa ya joto na aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye vikao, alilifikiria jambo hilo akaridhika nalo: nani atatoka nje na baridi hii bila koti? Kwa hiyo koti likiwa kwenye kiti, mwenyewe yupo, labda amekwenda msalani. Alikuwa anasimama mlangoni saa mbili, saa tano na saa nane, anatupa macho kwenye viti, kisha anarudi chumbani kwake na amani ya moyo.

Wenzangu hawakumaliza wiki kabla ya kumgundua. Wakaenda sokoni kwenye mitumba, wakanunua makoti ya pili, ya hovyo kabisa, kwa kuwa hayakuwa ya kuvaliwa. La mwenzetu wa stoo, mwanaume mwenye ndevu, lilikuwa la kike tena la maua. Likakaa kwenye kiti chake miezi minne na mkuu hakuona tatizo. Alikuwa anatafuta koti, akaliona koti. Mwenye ndevu wakati huo alikuwa mtaa wa Ramadhani, kwenye duka lake la vifaa vya umeme, anauza soketi.

Kampuni yetu inanunua parachichi kwa wakulima na kuzipeleka nje. Kazi yangu mimi ni daftari la wakulima, ambalo siku hizi si daftari tena, liko kwenye kompyuta: nani ana miti mingapi, alipulizia dawa gani na lini, alichuma lini. Mnunuzi wa Ulaya akiuliza tunda hili limetoka shamba la nani, mimi ndiye ninayejibu. Ni kazi inayotaka kompyuta, mtandao na utulivu. Ofisini vile viwili vya kwanza vilipatikana siku za bahati, na cha tatu hakikuwahi kupatikana. Kulikuwa na chai ya saa nne iliyokwisha saa sita. Kulikuwa na soga za mpira, za harusi, za nani amehamishwa na kwa kosa gani. Kazi yenyewe niliifanya kati ya saa saba na saa tisa, wakati waliobaki wanasinzia kwa shibe.

Kwa ajili ya saa hizo mbili nilikuwa natoka Makambako kila siku. Nakaa Kitandililo, pembeni mwa mji huo. Saa kumi na mbili niko stendi, na gari linaingia kwenye ukungu kabla hatujauacha mji vizuri. Dereva anafuata taa za lori lililo mbele yake, nasi tunamfuata yeye kwa imani. Zaidi ya saa moja kwenda, zaidi ya saa moja kurudi, ukiacha ile ya kusubiri abiria wapatikane. Nimeipita njia hiyo miaka tisa, na ukiniuliza nimeona nini nitakwambia nimeona kisogo cha aliyekaa mbele yangu. Yote hayo ili nikakae jirani na koti la maua.

Miaka yote hiyo sikulalamika. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo, nami nilidhani ndiyo maana ya kuajiriwa. Aliyenifungua macho ni mama yangu.

Mama alipata kiharusi mwezi wa pili, kijijini kwetu Mdandu, akiwa kwenye shamba lake la maharage. Walimkuta amekaa chini, jembe mapajani, anawatazama kwa hasira kana kwamba wamechelewa. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakaondoka yote. Ni jambo la kikatili kwa mtu yeyote, lakini kwa mama yangu ulikuwa ni wizi. Mdandu nzima ilimjua kwa ulimi wake. Mnunuzi wa mahindi aliyekuja na lori lake na bei yake aliondoka na bei ya mama. Mapadre waliokuja kuhubiri kwa kurefusha walijua kuna mwanamke kwenye benchi la tatu atakayewaambia nje, mbele ya watu, kwamba walikuwa wameshamaliza dakika ishirini zilizopita. Dharau niliyonayo mimi ni mabaki ya ile yake. Yeye alikuwa anaigawa kwa ukarimu zaidi.

Nikamleta kwangu Kitandililo. Mdogo wake, mama mdogo, ambaye ni mjane, akaja kukaa nasi ili awe naye mchana. Na mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, kijana mpole aliyezungumza na mama moja kwa moja badala ya kuzungumza nasi juu ya kichwa chake, alitupa maelekezo ambayo nimeyakumbuka neno kwa neno.

“Maneno yake yapo,” alisema, “yamekwama tu. Asubuhi ndipo kichwa chake kinakuwa chepesi. Mtu akae naye asubuhi, amzungumzishe, halafu amsubiri. Msimjibie.”

Hilo la mwisho lilikuwa gumu, kwa sababu mama mdogo, pamoja na moyo wake mzuri, huwa anamjibia kila mtu. Ukimuuliza mama kama anataka uji, mama mdogo anasema anataka. Mama akikutazama tu, mama mdogo anakueleza anachowaza. Hawezi kuvumilia ukimya hata wa kupumua mara mbili. Kwa hiyo wa kumsubiri mama nilikuwa mimi, na asubuhi mimi nilikuwa kwenye ukungu. Jioni nilipoingia nyumbani mama alikuwa amechoka, mdomo umelegea, macho yanatafuta usingizi. Nilikuwa namsemesha hivyo hivyo na yeye ananitazama kama anayeangalia kitu kilicho ng'ambo ya mto.

Nikaenda kwa mkuu wa ofisi kuomba nifanye kazi nikiwa nyumbani, hata siku tatu tu kwa wiki. Nilimweleza habari ya mama, nikamweleza kwamba daftari la wakulima halijui kama liko Njombe au Makambako. Alinisikiliza mikono ikiwa mfukoni, akanipa pole nyingi, kisha akasema yeye binafsi haamini kazi asiyoiona. Nikamtazama. Mtu huyu hakuwahi kuiona kazi yangu hata siku moja, kwa sababu hakujua kulifungua lile jedwali kwenye kompyuta. Kila mwezi nilimchapia kurasa hamsini na kitu, akaweka sahihi kwenye kila ukurasa, na karatasi zikaenda kuwasha jiko la chai. Alichokiona kwa macho yake miaka yote ni mimi nimekaa. Akanishauri nimwombe Mungu, na akaniuliza kama nimesaini kitabu cha mahudhurio.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka. Mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, paa la ofisi likavuja. Halikuvuja kwa adabu. Maji yalishuka juu ya kabati, juu ya kompyuta mbili na juu ya mkuu mwenyewe, kofia ya sufu na yote. Mwenye nyumba akaja, akapanda ngazi, akashuka akitikisa kichwa, akasema mbao zimeoza na paa lote linashuka. Makao makuu Dar es Salaam wakatuma barua: kwa miezi mitatu, kila mfanyakazi afanyie kazi nyumbani kwake.

Nilitegemea shangwe. Badala yake wenzangu wakawa kama waliofiwa. Mmoja aliuliza kama chai itaendelea kutolewa. Mwingine alisema nyumbani kwake hakuna pa kukaa, na baadaye nikagundua kwamba pa kukaa papo, asichokuwa nacho ni sababu ya kumwachia mkewe watoto. Wawili waliendelea kwenda pale pale kila asubuhi, wakaketi uani na mafundi, kwenye benchi la mbao za paa letu lililooza, hadi saa tisa. Niliwapitia siku niliyokwenda kuchukua chaja yangu nikawakuta wanabishana na fundi kuhusu misumari. Kulikuwa na makoti mawili yametundikwa kwenye uzio. Nilicheka hadi nikaumwa mbavu, na sikujisumbua kuwaficha kwamba nawacheka.

Wiki tano zilizofuata ndizo bora nilizowahi kuishi tangu niajiriwe. Niliweka meza dirishani, hatua mbili kutoka kwenye kiti cha mama. Kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu nilikuwa wake. Mama mdogo nilimtuma sokoni, bustanini, popote, ili asijibu. Nilimwonyesha mama kikombe, nikasema kikombe, nikasubiri. Nilimtajia majina ya watu wa Mdandu aliokuwa hawapendi, maana nilijua hao ndio watakaomfungua ulimi haraka. Nilisubiri dakika mbili, tatu, tano. Kusubiri mtu anayekutazama usoni dakika tano ni kazi ngumu kuliko zote nilizolipwa. Saa tatu nafungua kompyuta, na kufika saa nane nimemaliza kilichokuwa kinanichukua siku mbili Njombe. Wakulima waliokuwa na makosa ya tarehe tangu msimu wa nyuma niliwapigia simu mmoja mmoja nikawasahihisha. Makao makuu waliniandikia kunishukuru, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Na mama alianza kurudi. Kwanza ilikuwa mlio wa kooni. Kisha midomo ikaanza kujipanga kabla ya mlio. Mwishoni mwa wiki ya tano alikuwa ananishika mkono kwa ule wake wa kushoto, anakaza uso, na sauti inakuja hadi kwenye meno na kusimama hapo. Mtaalamu wa mazoezi alipomwona alisema tuko mlangoni, tusikose hata asubuhi moja.

Mkuu wa ofisi naye, kwa kuwa makoti hayakuwepo tena, alibuni njia yake. Kila siku saa mbili kamili kila mmoja amtumie picha kwenye simu, amekaa mezani. Siku ya kwanza nilipiga picha. Siku ya pili nikatuma ile ile. Nikaituma ile ile siku tisa mfululizo, blauzi ile ile, kikombe kile kile, mama mdogo yule yule amepita nyuma na ufagio. Kila siku alijibu “Safi.”

Kisha makao makuu wakatuletea semina. Mada yake ilikuwa ni kazi za kesho: namna dunia inavyoelekea kwenye kufanyia kazi popote ulipo, bila safari wala ofisi. Ili tulisikie hilo, tuliitwa wote Njombe kwa siku mbili, kwenye ukumbi wa hoteli, na kitabu cha mahudhurio kilizungushwa asubuhi na mchana. Mtoa mada alikuwa amesafiri siku nzima kutoka Dar es Salaam kuja kutuambia kwamba hakuna haja ya kusafiri. Alisema ofisi ya kesho haitakuwa na kuta. Tuliokuwa na ofisi isiyo na paa tukatazamana. Siku ya pili, saa sita, umeme ukakatika, projekta ikazima, naye akakosa la kusema kabisa, kwa sababu maneno yake yote yalikuwa ukutani. Tukala pilau tukaondoka. Asubuhi mbili za mama zilikwenda hapo, na hizo sijazisamehe.

Hadi hapa nimewacheka wengine. Sasa nije kwangu.

Kitandililo, mtu mzima anayeonekana nyumbani kwake saa nne asubuhi, siku ya kazi, bila jembe mkononi, ana moja kati ya mambo mawili: anaumwa au amefukuzwa. Sikuonekana kuumwa. Jumamosi moja jumuiya yetu ya kanisani ilikuja nyumbani, wanawake kumi na kitu na vitenge vyao, wakiongozwa na jirani wa mbele, ambaye ndiye mwenyekiti wao. Nilidhani wamekuja kumwombea mama. Walimsalimia mama haraka haraka, wakanigeukia mimi. Walikuwa wameniletea ndoo ya viazi.

“Kamwene, dada,” jirani alinisalimia kwa Kibena, akiwa amenishika mikono yote miwili. “Tumesikia. Usione aibu, kazi huwa zinaisha kwa yeyote.”

Nikamweleza kuhusu paa. Nikamweleza kuhusu barua, kompyuta, mtandao. Waliitikia wote kwa upole, kama unavyomwitikia mgonjwa anayekwambia kwamba ameshapona. Kisha wakapiga magoti sebuleni kwangu wakaniombea nipate kazi nyingine, na mimi, mwenye mshahara uliokuwa umeingia juzi yake, nikapiga magoti nikasema amina.

Baada ya sala ikaja zamu ya kunitumia. Mtu aliye nyumbani ni mali ya mtaa. Kukiwa na msiba niitwe nikamenye viazi, maana nipo. Kukiwa na kikao cha harusi niandike mimi majina, maana najua kuandika na nipo. Walinipa funguo zao niwafungulie mafundi, wakaniachia vifaranga niwalinde na mwewe, wakanituma kwa mtendaji na barua zao. Nikisema niko kazini, walitazama nyuma yangu, wakaona sebule, wakacheka. Walikuwa wema na niliwachukia kwa wema huo. Hata hivyo, wote hao ningeweza kuwafukuza. Mama angekuwa na ulimi wake angewafukuza kwa sentensi moja na wangerudi kuomba radhi. Mimi nilishindwa, na sababu yake ninaijua: kazi zao hazikuniuma kama nilivyoumwa na huruma yao. Nilisikia dukani mtu akisema nimepunguzwa. Nilimwona jirani wa mbele, aliyekuwa anasimama ninapopita kwa sababu mimi ni mtu wa ofisi, ananisalimia akiwa amekaa, anachambua mboga. Hicho ndicho kilichonikaa rohoni mimi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, msomi, mwenye dharau kwa kila mtu. Kwamba hakusimama.

Jumatatu moja niliamka saa kumi na moja, nikavaa sketi ya kazini, viatu vya kisigino na koti langu, nikaning'iniza mkoba wa kompyuta begani. Nikamwambia mama mdogo kwamba tumeitwa, paa limefikia pazuri, narudi kazini Njombe. Ilibidi nimdanganye na yeye, maana analolijua mama mdogo linajulikana hadi kisimani. Mama alikuwa macho. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, nami nikamwambia narudi jioni.

Nikapita mbele ya jirani taratibu, ili visigino visikike. Alisimama.

Nyuma ya stendi ya Makambako kuna nyumba ya wageni yenye mgahawa wa ghorofani. Kuna meza moja dirishani, inayotazama barabara ya Songea, na soketi inayofanya kazi. Nilikaa hapo. Niliagiza chai, nikafungua kompyuta, nikawafanyia kazi wakulima wangu hadi saa nane, na baada ya hapo nikakaa tu, kwa kuwa mtu anayetoka Njombe hawezi kuonekana Kitandililo kabla ya saa kumi na mbili. Niliyaona magari ya Njombe yakiondoka na yakirudi. Nilisubiri la jioni liingie, nikashuka, nikachanganyika na abiria, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani na uso wa uchovu.

Nilijiambia ni wiki mbili tu, hadi watu wasahau viazi vyao. Nilimwachia mama mdogo maagizo ya asubuhi: mwonyeshe kikombe, sema kikombe, subiri. Alisema sawa. Nilijua hawezi kusubiri, na niliondoka. Wiki mbili zikaingia ya tatu. Na niseme ukweli ambao unanichoma zaidi leo: sikuona aibu. Niliona nimewaweza. Wenzangu walikuwa wanadanganya ofisini ili wawe kwingine, wakauze soketi zao, wapate kitu. Mimi nilikuwa nimepewa kwa barua kile nilichokiomba kwa machozi, nikakitoroka, kila siku, kwa ajili ya mwanamke anayechambua mboga. Nimetafuta mjinga anayenizidi katika hadithi hii na sijampata.

Alhamisi ya wiki hiyo ya tatu nilirudi saa yangu ile ile. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, kanga imemshuka begani, anacheka na kulia kwa pamoja. Aliniambia kabla sijafika kwenye kibaraza. Saa tatu asubuhi, alipokuwa anamlisha uji, mama alikuwa amesukuma kijiko pembeni na kusema. Si mlio. Maneno, ya Kibena, yaliyonyooka, kwa sauti yake ile ile ya zamani.

“Aliuliza mtoto yuko wapi,” mama mdogo alisema. “Nikashindwa hata kujibu. Akauliza tena.”

“Ukamwambiaje?”

“Nikamwambia umekwenda kazini, Njombe huko, utarudi jioni. Basi akaanza kukusubiri. Hakutaka kulala mchana. Kila pikipiki ikipita anageuza shingo.”

Nilisimama na mkoba wangu begani. Saa tatu asubuhi nilikuwa na chai mbele yangu, dirishani, mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda. Mama mdogo angenipigia simu, lakini kwake mimi nilikuwa Njombe, na hakuona faida ya kumsumbua mtu aliye mbali kazini. Alikuwa amesubiri yeye na dada yake, kutwa nzima, wakiwa wamegeukia mlango.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameinama upande wa kulia, na mdomo ulikuwa umeshalegea kama kila jioni. Niliona jinsi alivyochoka na kwamba alikuwa amejizuia asilale. Nikapiga magoti mbele yake. Aliangalia viatu vyangu, akaangalia mkoba, akaniangalia usoni. Kisha akakaza uso na midomo ikaanza kujipanga. Mama mdogo alivuta pumzi kutaka kumsaidia, nikamshika mkono anyamaze. Tukasubiri. Ilichukua muda mrefu.

“Pole,” mama alisema. Akameza mate, akaanza tena, akatafuta neno moja moja. “Pole na kazi.”

“Asante, mama,” nilimwambia. “Nimeshapoa.”